Kuoka ubao mpya ili uonekane wa kale: joto linabadilisha nini ndani ya mti

"Nina kabati la mvule alilotuachia babu, lipo nyumbani Tanga. Paneli moja ya mlango imepasuka, na fundi ameleta ubao mpya wa mvule, lakini ni wa manjano kabisa ilhali kabati limeiva kahawia. Fundi anataka kuuoka kwenye tanuri la mikate la jirani kwa nyuzijoto 190 kwa saa mbili, akisema utapata umri wa miaka mia. Anasema pia kwamba fremu za madirisha za paini atakazonitengenezea zitaokwa vivyo hivyo, kwa kuwa mbao zilizookwa huwa ngumu zaidi na mchwa hawazigusi. Je, haya ni kweli? Rangi ya kale ni mti kuungua polepole, au ni kitu kingine? Nisingependa kuharibu kitu ambacho hakinunuliki tena."

Ndugu msomaji, umeuliza mambo mawili ambayo mafundi wengi huyachanganya: jinsi ubao unavyopata rangi ya kale, na jinsi unavyopata uimara wa kustahimili miaka. Fundi wako hakubuni habari hii. Kupasha mbao joto ili kubadili tabia yake ni kazi inayofanywa viwandani, na kemia yake imechunguzwa kwa miongo mingi. Hata hivyo, kwa paneli yako nisingependekeza tanuri, kwa sababu rangi unayoitafuta katika mvule hailetwi hasa na joto. Na kuhusu ugumu na mchwa, fundi amekosea.

Ubao mkavu umejengwa kwa vitu vitatu vikuu. Selulosi, ambayo hufikia asilimia 40 hadi 50 ya uzito, ni minyororo mirefu ya sukari iliyopangika vizuri na kufungamana, na ndiyo inayoupa mti nguvu ya kustahimili kuvutwa. Hemiselulosi nayo ni minyororo ya sukari, lakini ni mifupi, ina matawi, na haikupangika kwa utaratibu ule. Lignini ni kitu cha jamii nyingine kabisa, chenye pete za kaboni zilizoungana huku na huku, na kazi yake ni kushika nyuzi zisiachane na kuupa mti ukakamavu. Juu ya hivyo vitatu kuna tanini, mafuta, utomvu, rangi na sumu za asili ambazo kila aina ya mti hujiwekea katika kiini chake. Hivi ni vichache kwa uzito, lakini ndivyo vinavyofanya mninga uwe mninga na mpingo uwe mpingo.

Ubao unapopashwa hadi nyuzijoto 100 au zaidi kidogo, kinachotokea hasa ni kukauka. Maji hutoka, ubao hunywea, na usipokuwa mwangalifu hupinda na kupasuka, lakini kemia yake haijabadilika sana na rangi husogea kidogo tu. Mabadiliko ya maana huanza kuonekana joto likikaribia nyuzi 150, na anayeanza kuumia ni hemiselulosi. Minyororo yake imebeba vikundi vya asetili, na joto likivikatua hugeuka kuwa asidi ya asetiki, ile ile iliyomo ndani ya siki. Ndiyo maana ubao unaookwa hutoa harufu kali ya uchachu iliyochanganyika na harufu ya sukari iliyoungua. Asidi hiyo haitoki yote mara moja. Nyingine hubaki ndani ya ubao na kuendelea kukata minyororo iliyobaki, ikitoa sukari ndogondogo ambazo nazo hupoteza maji na kugeuka kuwa kemikali iitwayo furfurali na jamaa zake. Kwa maneno mengine, ubao hujitengenezea wenyewe kichocheo cha kujivunja, na kadiri unavyofungiwa mahali ambapo mvuke wa asidi hauna pa kutokea, ndivyo kazi hiyo inavyokwenda kasi. Miti ya majani mapana, mvule ukiwamo, kwa kawaida ina vikundi vya asetili vingi kuliko paini na jamii yake, na kwa sababu hiyo huharibika mapema zaidi katika joto lile lile.

Rangi ya kahawia hutoka hapo. Mabaki ya sukari na furfurali huungana na vipande vya lignini, na lignini yenyewe hukatika baadhi ya viungo vyake kisha ikajiunga upya kwa namna nyingine. Katika kujiunga huko huzaliwa molekuli zenye vifungo vinavyofyonza mwanga wa buluu na zambarau, kwinoni zikiwa miongoni mwao, na ubao unaofyonza buluu machoni petu huwa wa rangi ya asali, kisha kahawia, na mwisho kahawia ya kahawa iliyokaangwa. Kwa kuwa joto hupenya unene wote, rangi hii huingia hadi ndani: ukipiga randa au msasa, chini yake utaikuta. Huo ndio uzuri wake halisi, na ndiyo maana watengenezaji wa magitaa na wa sakafu wameupenda mtindo huu.

Je, huko ni kuzeeka? Hapa fundi wako ana sehemu ya ukweli, tena kubwa kuliko ninavyodhani mwenyewe anajua. Nchini Japani kuna hekalu la Hōryū-ji, ambalo majengo yake ni miongoni mwa majengo ya mbao ya kale zaidi duniani yaliyosimama hadi leo, na mbao za mti uitwao hinoki zilizotumika katika majengo ya kale ya nchi hiyo zimechunguzwa sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walizilinganisha mbao kama hizo na hinoki mpya walizozipasha kati ya nyuzijoto 90 na 180, wakaona kwamba rangi ya mbao za kale, zilizokaa ndani pasipo jua, inaelezeka kwa kiasi kikubwa kama kuungana polepole na oksijeni katika joto la kawaida. Basi ukiuliza kama rangi ya kale ni mti kuungua polepole, jibu kwa mbao za ndani ya jengo, zisizopigwa na mwanga, ni kwamba hukukosea sana, ijapokuwa hakuna moto wala mkaa.

Lakini kutoka hapo hadi kusema "saa mbili ni miaka mia" kuna bonde refu. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme nyumba yako ina joto la nyuzi 30 na tanuri lina nyuzi 190. Tofauti ni nyuzi 160, yaani hatua 16 za nyuzi kumi kumi. Tukikadiria kwamba kasi ya badiliko huongezeka maradufu kwa kila hatua, saa mbili za tanuri zitalingana na miaka 15 hivi ya nyumbani. Tukikadiria kwamba kasi huongezeka mara tatu badala ya mara mbili, saa zile zile mbili zitakuwa karibu miaka 9,800. Tofauti ndogo katika kadirio imetupeleka kutoka umri wa kijana hadi zama ambazo hata piramidi za Misri hazijajengwa. Anayekutajia umri kamili wa ubao uliookwa, bila kuwa amepima aina ile ile ya mti katika viwango kadhaa vya joto, anakisia tu. Zaidi ya hayo, joto haliharakishi kila badiliko kwa kiwango kimoja. Ndani ya ubao kuna mabadiliko mengi yanayokwenda pamoja, na kila moja lina mwitikio wake kwa joto. Kwa hiyo ubao wa saa mbili unaweza kufanana kwa rangi na ubao wa zamani huku ndani yake hemiselulosi imepungua kwa namna nyingine kabisa.

Sasa turudi kwenye mvule wako, kwa sababu mti huu una tabia yake. Mvule uliopasuliwa karibuni huwa wa manjano, na hugeuka kahawia ya dhahabu kisha kahawia iliyokolea unapokaa kwenye mwanga na hewa. Kiini chake kina vitu vya asili, kimojawapo kikiitwa kloroforini, na mwanga ndio unaoivisha rangi ya mti huu kwa haraka. Mwanga wa jua, hasa sehemu yake ya urujuanimno isiyoonekana, hushambulia pia lignini, lakini hauingii mbali: kazi yake huishia katika sehemu ndogo ya milimita kutoka juu. Ukitaka ushahidi, mwambie fundi afungue bawaba moja ya kabati na atazame chini yake. Huenda ukakuta umbo la bawaba limeandikwa kwa rangi iliyofifia. Joto la nyumba lilifika hapo miaka yote hiyo sawasawa na kwingineko. Kilichokosekana ni mwanga.

Hivyo kabati la babu yako lina rangi ya mwanga juu, rangi ya hewa na muda kidogo chini yake, na juu ya zote kuna vanishi au shelaki ya zamani ambayo nayo imegeuka manjano, pamoja na mafuta ya mikono na moshi wa taa wa miaka mingi. Joto la tanuri litakupa kahawia ya asili nyingine: kwa kawaida ni nzito zaidi na imepoteza ule ung'avu wa dhahabu, na ikishazidi hairudishwi, kwa sababu imeingia unene wote. Isitoshe, rangi inayoletwa na joto haisimami tuli ikipigwa na jua. Ikiachwa nje bila kinga hupauka na kuwa ya kijivu kama mbao nyingine. Unaweza basi kuoanisha paneli na kabati leo, na baada ya miaka michache ukaziona zimeachana, kwa kuwa kila moja inafuata njia yake.

Kuhusu ugumu, hesabu iko kinyume cha alivyokuambia. Ubao uliopashwa kwa joto kubwa hunywa unyevu mdogo, mara nyingi karibu nusu ya kawaida, kwa sababu hemiselulosi, ambayo ndiyo hupenda maji zaidi, imepungua. Hilo ni jema, kwani ubao hautanuki wala haunywei sana majira yakibadilika. Lakini hemiselulosi ndiyo pia iliyokuwa ikiunganisha selulosi na lignini, na ikipungua ubao unakuwa mwepesi kuvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Upungufu wa nguvu ya kupinda unaweza kufika asilimia 30 katika viwango vya juu vya kupasha. Ndiyo maana mbao hizi hazishauriwi kwa nguzo na boriti zinazobeba uzito. Fundi anayegonga kwa kifundo cha kidole na kusikia mlio mkali hudhani ni ugumu, kumbe ni ukavu na wepesi.

Kazi hii si ngeni. Alfred Stamm na wenzake, katika maabara ya mazao ya misitu huko Madison, Wisconsin, waliichunguza kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili, na Wafini waliifanya kuwa bidhaa ya kiwandani katika miaka ya 1990. Ukiutazama utaratibu wa Kifini utaelewa kwa nini tanuri la mikate halifai. Mbao hukaushwa kwanza hadi unyevu ukaribie sifuri wakati joto likipandishwa hadi nyuzi 130. Kisha hupandishwa hadi kati ya nyuzi 185 na 215, kutegemea aina na matumizi, na kukaa hapo saa mbili au tatu. Halafu hupozwa kwa maji ya kunyunyizia hadi chini ya nyuzi 100 na kurudishiwa unyevu wa asilimia 4 hadi 7. Muda wote huo chumba hujazwa mvuke ili oksijeni isifike. Saa mbili alizozisikia fundi wako ni sehemu ya katikati tu ya kazi inayochukua zaidi ya siku nzima.

Katika tanuri la mikate hakuna mvuke wa kukinga, joto si sawa kila pembe, na ubao ulionunuliwa sokoni huenda bado una unyevu mwingi. Ukiingizwa hivyo hivyo, nje utakauka na kujibana huku ndani ukiwa bado mbichi, na nyufa zitakuwa nyingi kuliko ile iliyokuleta kwangu. La kutisha zaidi ni moto. Mti ukifika nyuzi 270 hivi huanza kutoa joto lake wenyewe, na pembe ya tanuri iliyo karibu na makaa inaweza kufika huko wakati kipimo cha mlangoni kinasoma 190. Ukifungua mlango wakati huo, hewa inayoingia inaweza kuwasha gesi zilizokusanyika ndani. Na hata kama hakuna kitakachowaka, mvuke wa asidi na wa vitu vya asili vya mvule si kitu cha kuacha kwenye kuta za tanuri linalooka chakula cha watu.

Sasa mchwa. Hapa sitapindapinda maneno: ubao wa paini uliopashwa joto si kinga dhidi ya mchwa. Kupashwa kunapunguza kuoza kwa ukungu, kwa sababu ukungu unahitaji unyevu na hemiselulosi iliyo rahisi kumeng'enywa, lakini mchwa hula selulosi, na selulosi ipo pale pale. Huenda fikra hii imetokana na nguzo za majiko ya zamani, zile zilizokuwa nyeusi kwa moshi na ambazo wadudu walizikwepa. Kilichozilinda ni moshi, uliozipaka lami na fenoli mwaka baada ya mwaka, pamoja na ukavu wa kudumu uliotokana na moto wa kila siku. Tanuri halitoi hayo. Kwa mvule mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa mti huu umebarikiwa kinga yake ya asili katika vitu vya kiini, na joto kali linaweza kuviondoa au kuvibadilisha. Utakuwa umelipa fedha kupunguza kile ulichokuwa umepewa bure.

Kabla ya yote, chunguza kama ubao huo ni wa kiini kweli. Sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe iliyo karibu na gome, haina kinga ya kiini na wadudu huila. Katika mvule mpya, weupe na umanjano vinaweza kumkanganya asiyezoea, na kuoka kunazifanya sehemu zote mbili ziwe kahawia kiasi cha kutotofautishwa. Simshuku fundi wako, lakini kwa yeyote anayenunua mbao zilizokwisha kukolezwa kwa joto, hili ni jambo la kuuliza.

Kwa paneli yako, ningefuata njia ya polepole. Mwache fundi akaushe ubao vizuri kivulini kwenye hewa, auchonge na kuusawazisha, kisha auweke juani ukiwa umeinuliwa kutoka chini, akiugeuza kila siku ili pande zote mbili zipate mwanga na usipinde. Asiache unyeshewe wala upate umande. Kabla ya hapo achukue kipande kilichobaki cha ubao huo huo, akifunike nusu kwa karatasi nzito, na kukianika. Baada ya siku chache tofauti itaanza kuonekana, na baada ya wiki kadhaa mtajua mvule huu unafika wapi. Yeyote anayeupiga msasa azibe pua na mdomo, kwa maana vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua cha watu wengi.

Wakati huo mvule ukiwa juani, safisha sehemu ndogo iliyofichika ya kabati, ndani ya mlango kwa mfano, ili uone rangi halisi iliyo chini ya uchafu. Mara nyingi kabati huwa halijakolea kama linavyodhaniwa, na nusu ya tofauti huisha hapo hapo. Pengo litakalobaki lizibwe kwa shelaki yenye rangi ya kahawia ikipakwa nyembamba mara nyingi, kwa sababu shelaki huweza kutolewa kwa spiriti ukikosea. Kuna mafundi wanaotumia vipande vya chuma vilivyolowekwa kwenye siki, ambavyo hukutana na tanini na kutia rangi nyeusi ya kijivu. Kwa paini iliyopakwa chai nzito kwanza matokeo huweza kupendeza, lakini kwa kuoanisha mvule wa dhahabu sikushauri, kwani rangi hiyo huelekea kwenye weusi na haifutiki kirahisi. Paneli ikiwekwa, isigundishwe kwenye fremu. Iachwe huru ndani ya mfuo wake, maana ufa wa kwanza huenda ulitokana na kubanwa.

Fremu za madirisha ni habari nyingine. Ikiwa fundi ana paini iliyotiwa dawa kwa shinikizo na kukaushwa, hiyo ndiyo ya kununua kwa Tanga, ambako unyevu na mchwa vyote vipo. Ikiwa siku moja utapata mbao zilizopashwa kiwandani, zinaweza kufaa kwa fremu kwa sababu hazitanuki sana, mradi zisiguse ardhi, misumari itobolewe njia kwanza ili ubao usipasuke, na iwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa asidi iliyobaki ndani hula chuma cha kawaida. Gundi za maji nazo hukawia kushika katika mbao hizi, hivyo vibano vikae muda mrefu zaidi.

Ukiona mashimo madogo yenye unga mpya chini ya kabati, au ufa wa paneli unaendelea kurefuka hata mlango ukiwa haujaguswa, au maungio ya fremu yamelegea, usiishie kwenye maandishi yangu; mwite mtu aliyesomea mbao akalione. Chuo cha viwanda vya misitu cha FITI kilichopo Moshi na Chuo Kikuu cha Sokoine kilichopo Morogoro vina wataalamu wa fani hii, na kwa msomaji aliye Kenya kuna taasisi ya utafiti wa misitu ya KEFRI. Utakapokwenda, chukua kipande kilichobanduka cha paneli ya zamani, kipande cha ubao mpya ambacho hakijapakwa chochote, na picha ya mlango iliyopigwa mchana karibu na dirisha, kwa maana taa za umeme hudanganya rangi ya mbao kuliko unavyodhani.